Nilivyoupeleka Mkono Wangu wa Kulia Guangzhou

Nilikwenda Uchina kwa sababu ya kidole gumba. Wengine huenda kununua suruali, wengine simu, wengine vigae vya sakafu. Mimi niliupeleka mkono wangu wa kulia, na mwili uliobaki ukafuata kwa sababu umeungana nao.

Nieleze mapema, asije mtu akafika katikati akaanza kujikuna kichwa. Marehemu mume wangu, Mzee Kleopa, alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani hapa Morogoro, na ugonjwa wake ulikuwa bastola za upepo za zamani. Si za baruti. Hizi unavuta wenzo, springi inajikaza ndani, ukifyatua inasukuma upepo, na upepo unarusha kijirisasi kidogo kama punje ya mtama. Kinatoboa karatasi na kuangusha kopo, basi. Aliniachia nne: mbili za Mjerumani, moja ya Mwingereza, nzito kama dhambi, na moja ya Kicheki ambayo ndiyo ninayolengea mimi. Zote alizipata zimekufa, kwa walowezi wa mashamba ya mkonge waliokuwa wakifunga virago, naye akazifufua. Washa za ngozi, vile viduara vya ndani vinavyozuia upepo usivuje, zilikuwa zimeoza, akazikata upya kutoka kwenye ulimi wa kiatu na kuziloweka kwenye mafuta ya cherehani. Ukitazama mbele ya ile ya Kicheki, kile kijiti cha kulengea ni sindano ya cherehani iliyovunjika. Zote zina vibali, na nikizipeleka kituoni kukaguliwa askari wanagombania nani ashike kwanza.

Kila Jumamosi mchana sisi wazee watano tunakutana nyuma ya shamba la mwalimu mmoja mstaafu, tunapanga makopo ya maziwa juu ya gogo na kuyaangusha. Kleopa alipokufa nafasi yake niliichukua mimi. Mzee mmoja wa kanisa alinijia nyumbani akaniuliza kama inafaa mjane kushika bastola. Nikamuuliza kama inafaa mzee wa kanisa kushika maikrofoni saa mbili nzima. Akaenda zake.

Sasa kidole gumba kikaanza. Baridi yabisi. Kiungo kikavimba kama tangawizi, na kila nikiishika ile Kicheki nilisikia mtu ananipigilia msumari. Mwanangu Gasto akaona ameshapata sababu. Kuna bwana mmoja wa Dar es Salaam anayekusanya vitu hivi, akazitaka zote nne.

"Mama, huwezi kushika. Za kazi gani tena?" Gasto akasema, tena nje ya mlango wa kanisa watu wakisikia.

Nami kwa hasira nikatoa neno. Nikasema mkesha wa Krismasi aje na huyo bwana wake. Nitalenga makopo matano kwa hatua kumi. Matatu yakianguka, bastola zinabaki na habari ya kuuza nisiisikie tena. Yasipoanguka, abebe zote. Watu walisikia, na mimi silambi nilichotema.

Dawa ilikuwa kubadili mpini, mahali pale pa mbao unaposhika. Mchonga vinyago wa mjini alinichongea mmoja wa mpingo. Ulikuwa mchi wa kutwangia. Akachonga wa pili wa mninga, mzuri wa kutazama, lakini maumivu yalikuwa yale yale, maana yote miwili aliiga ule wa Kleopa. Ndipo binti yangu Neema, ambaye hununua nguo Guangzhou na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo, akaniambia kuna mzee kule Sanyuanli anayechonga mipini ya watu wa mikono mibovu. Wale wakata ngozi wa mikoba, mikasi inawamaliza viungo, naye anamchongea kila mmoja mpini wa mkono wake. "Twende wote, Mama," akasema. "Kila mwaka unaniuliza huko nafanya nini. Njoo uone."

Tuliondoka Morogoro kwa treni ya umeme ya asubuhi. Bastola nilizifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo nikampa yule mwalimu mstaafu. Neema alikuwa amenionya mara kumi: Uchina kitu kama hicho hukiingizi, hata kama kinatoa upepo kama mtu aliyekula maharage. Hata parafujo yake usibebe. Basi nilibeba ule mpini wa zamani tu, mbao tupu, nikaufunga ndani ya soksi. Na unga wa sembe kilo tatu. Na dagaa. Na kitabu cha nyimbo.

Ndege sitaieleza sana. Ni basi lisilosimama watu wakachimbe dawa. Tulibadilisha njiani, tukapanda nyingine, nikaletewa kuku aliyekaa kama sponji ya kuoshea vyombo. Nilimla. Nimelelewa kutotupa chakula, hata kama chakula chenyewe kimeshajitupa.

Guangzhou tulitua mchana. Afisa wa forodha akafungua mkoba wangu. Unga aliutazama akaurudisha. Soksi aliibonyeza akaiacha. Dagaa aliwanusa, akanitazama kama nimemletea maiti wa ndugu yake, akawachukua. Nilitaka kusema neno, Neema akanifinya.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Ninataka tu kujua kama atawakaanga au atawachemsha."

Sanyuanli tulifika jioni. Ni mahali pa majengo ya jumla, ofisi za kusafirisha mizigo na vyumba vya kupanga vilivyobanana hadi majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Cha Neema kiko ghorofa ya sita, lifti hakuna, na ngazi nusu yake imekaliwa na maboksi. Anakaa na Mkenya mmoja anayeitwa Shiro, msichana wa Nairobi, mnunuzi wa viatu, mwenye sauti ya kuuzia uwanja mzima.

"Shosh! Karibu!" akanikumbatia. Shosh ndiyo bibi kwao. "Neema amesema umekuja kutengeneza bunduki."

"Nimekuja kutengeneza mkono," nikamwambia. "Na wewe punguza sauti, tupo nchi ya watu."

Siku ya pili asubuhi ilikuwa ya Neema, maana hakuja kutalii. Tulikwenda Zhanxi, karibu na stesheni ya treni. Nilidhani nimeona soko katika maisha yangu. Pale watu wanavuta mikokoteni ya chuma iliyojaa marobota, hawasimami, hawapigi honi, wanakujia tu kama hukumu. Mmoja alinigonga kisigino. Nilipogeuka nimkaripie alikuwa ameshapotea na mwingine yuko mahali pake. Neema na wenye maduka, ambao anawaita laoban, yaani bosi, walikuwa wakirushiana mashine ya hesabu badala ya maneno. Kichina cha binti yangu ni cha kununulia suruali: rangi, saizi, ghali mno, sitaki. Kwa mengine yote anaongea na simu, simu inaongea na Mchina.

Mchana tukaenda kwa fundi. Ni kichochoro cha nyuma ya soko la ngozi, kinanuka gundi. Fundi mwenyewe ni mzee mwembamba wa umri wangu, Neema anamwita Shifu, maana yake fundi bingwa. Nami nikamwita Mzee Shifu, heshima mbili kwa mpigo. Hakuinuka. Alitikisa kichwa tu akaendelea kukwangua. Nikampenda hapo hapo, kwa kuwa fundi anayeacha kazi ili akuchekee huyo ni mwizi.

Nyuma yake kulikuwa na rafu ndefu, na juu ya rafu matonge ya udongo mkavu, mengi, kila moja lina alama za vidole. Neema akaniuliza kama najua ni nini. Ilikuwa mikono ya wateja. Kila mmoja anaminya udongo, naye anachonga kwa kuufuata.

Basi nikaivua soksi, nikamwekea ule mpini wa Kleopa mezani awe na mfano.

Aliushika vizuri tu. Akaugeuza. Akaingiza kidole pale kinapokaa kidole cha kufyatulia, na uso wake ukafunga kama duka. Aliuweka chini, akaufunika na gazeti, akalisukuma gazeti hadi kwangu.

"Bu xing," akasema. Hilo hata mimi nililielewa. Haiwezekani. Neema aliongeza maneno, simu ikaongeza yake, mzee akarudia lile lile na kurudi kwenye kukwangua kwake.

Nje binti yangu alinipandishia. "Mama, nilikuambia nini? Nilikuambia sema ni mpini wa drili!"

"Si wa drili."

"Najua si wa drili!"

"Basi unataka niseme nini? Sikukaa angani siku nzima nije kusema uongo nikifika chini."

"Hapa mtu anafungwa kwa kitu kama hicho. Umemtisha mzee wa watu."

Alikuwa na haki. Mimi nilijua sheria ya nchi ile, nimeacha bastola nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, kisha nikaenda kuweka sehemu yake juu ya meza ya mtu mwingine kama ninaweka bamia. Ulikuwa ujinga, na ujinga wa mzee ni mbaya zaidi maana hauna wa kuusingizia.

Siku ya tatu nikarudi, mikono mitupu. Nikamwambia Neema atafsiri neno kwa neno, asiongeze sukari. "Mwambie jana nilikosa. Ule mpini nimeuacha na sitauleta tena. Mwambie nyumbani nina kibali, nina shabaha, nina mtoto mpumbavu anayetaka kuuza. Mwambie leo nimekuja na mkono tu."

Mzee Shifu alisikiliza simu hadi mwisho. Akauliza kitu.

"Anauliza mtoto gani mpumbavu," Neema akasema. "Nimemwambia si mimi."

Mzee akatikisa kichwa, kisha akahesabu kwa vidole. Neema akatafsiri: "Anasema yeye anatengeneza kitu cha kushikwa. Tundu hachongi. Mfereji hachongi. Parafujo hataki kuiona. Atakupa gogo la kushika, basi. Ukitaka kulishika ukiwa umekaa unatazama ukuta, ni lako."

"Ni haki," nikasema.

Akanipa bonge la udongo laini. Nikauliza lilikuwa la nani kabla. Neema akauliza. Lilikuwa la mama mmoja mkata mikoba aliyefariki. Mtu akifa, Mzee Shifu analishusha tonge lake kutoka kwenye rafu, analoweka kwenye ndoo, udongo unalainika, anaminya mwingine. Neema alitoa macho. Mimi niliona ni jambo la maana. Kwetu tunamtunzia marehemu koti hadi nondo wanalimaliza.

Nikaminya. Akatazama, akalifinyanga upya, akanirudishia. Nikaminya tena. Akalifinyanga. Mara ya tatu alilipima kwa macho akaguna.

"Anasema mkono wako unaigiza," Neema akasema. "Mara tatu, maumbo matatu. Anasema unashika kama mtu anayemwiga mtu mwingine."

"Ninashika alivyonifundisha baba yako."

Wakazungumza. "Anauliza baba alikuwa na mkono mkubwa?"

"Kama koleo la makaburini."

Mzee Shifu aliangusha udongo ndani ya ndoo. Akasema nije na kitu ninachokishika kila siku bila kufikiri, nimwonyeshe ninavyokishika. Na nisichelewe, kwa kuwa anahitaji siku tatu kuchonga, na sisi siku za kukaa zilikuwa zimebaki sita.

Kutwa ile nilishika kila kilichokuwemo chumbani. Ufagio. Ndoo. Kitabu cha nyimbo. Kila nikishika nilijiona ninashika, na hapo hapo mkono unaanza kujipodoa kama bibi harusi. Jioni nikakata tamaa, nikasonga ugali. Tonge la tatu likiwa njiani kwenda kinywani nilisimama. Nililitazama. Nikamwambia Neema, "Mkono hautaki ufagio. Hili ndilo umbo lake."

Siku ya nne asubuhi nilisonga mwingine, mgumu kidogo, nikakata tonge kubwa nikalishika nilivyozoea, nikaliweka kwenye kisahani juu ya friji likauke wakati tupo Zhanxi. Tuliporudi kisahani kilikuwepo. Kimeoshwa.

Shiro alikuwa kitandani anajichokonoa meno.

"Shiro," nikasema taratibu, "juu ya friji kulikuwa na kitu."

"Eeh, Shosh, asante sana. Nilikuwa na njaa mbaya. Nimeikula na sukuma wiki."

"Umekula mkono wangu."

Akaketi. Neema alimweleza. Msichana akashika kichwa. "Woi! Pole, Shosh! Lakini kwani ugali huwa na kazi gani ingine?"

Nilikaa kwenye boksi la suruali. Ukweli ni ukweli. Katika historia ya ugali, aliyekosea ni mimi.

Mchana ule ule nikavifunga kwenye kanga sufuria, mwiko na unga uliobaki, nikashuka ghorofa sita na Neema. Shiro alijitolea kubeba mzigo, kwa toba. Katika vichochoro vya Sanyuanli hakuna aliyetushangaa. Mbele yetu mwanamume mmoja alikuwa amebeba manekini wanne, zile sanamu za kuvalisha nguo dukani, uchi wote. Tukaingia kwa Mzee Shifu. Nikamwonyesha lile jiko lake la umeme la kuchemshia chai, nikaweka sufuria. Hakuuliza kitu. Aliondoa birika.

Nilisonga. Yeye akaongeza mboga zake za kuchachusha na supu ya majani. Tukaketi wanne kuzunguka meza ya vumbi la mbao. Mzee alijaribu tonge lake akaungua, akalirusha kutoka kiganja hiki hadi kile, Shiro akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikuwa na njaa kweli. Nikaanza kula, nikaanza kumsimulia Shiro habari za yule mzee wa kanisa na maikrofoni, nikasahau tulichokijia.

"Ting!" Yaani simama. Mzee Shifu alinikamata mkono. Tonge lilikuwa inchi moja kutoka kinywani.

Alilitoa vidoleni mwangu kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Akalitazama pembeni, juu, chini. Akanifanya nishike lingine, na lingine. Yote yalikuwa sawa. Kisha akaongea na Neema kwa kirefu, akionyesha kwa penseli.

"Anasema kidole gumba chako hakishiki," Neema akasema. "Kinachimba shimo halafu kinalala. Vinavyoshika ni hivi vitatu vya kati. Cha mwisho kinakaa nje, hakifanyi kazi." Akafuata penseli ya mzee. "Anasema anadhani baba alikuwa anashika kwa gumba, kwa nguvu. Na wewe umemwiga miaka yote, mpaka gumba limeugua kazi isiyo yake."

Nilitazama ule ugali. Tangu ndoa yangu nilikuwa nimelenga shabaha kwa mkono wa mtu mwingine, na mkono wangu mwenyewe nimeuacha jikoni.

"Mwambie nashukuru," nikasema. "Na mwambie marehemu asimseme. Hiyo kazi ni yangu."

Mzee alicheka kwa pua. Akalibonyeza tonge juu ya udongo kuchukua umbo, na ugali wenyewe akaumalizia kwa mboga zake.

Siku zilizobaki nilizitumia kwenye soko la ngozi. Nilinunua kipande cha ngozi nene na laini, cha kukatia washa miaka kumi ijayo. Nilipomwonyesha mwenye duka viduara vidogo nitakavyokata, alitaka kujua nashona mkoba gani wenye ukubwa wa sarafu. Nikamwambia wa mtu asiye na fedha.

Siku ya safari, asubuhi, tukapita kuchukua. Mzee Shifu akaniwekea mezani kipande cha mbao nyekundu nyepesi, yenye harufu ya kabati la nguo. Hakikuwa na tundu wala mfereji. Kilikuwa kama tonge lililonyooka kidogo, na ubavuni lile shimo la gumba. Nikakichukua, nami sikukishika, kilinishika. Gumba likaenda shimoni likalala. Sikusikia msumari. Nikajikuta ninameza mate kana kwamba kuna mchuzi.

Rafuni, kati ya wakata mikoba, lilikuwepo tonge jipya. Nilimwuliza kupitia simu: mimi nikifa?

"Anasema ataliloweka," Neema akasema.

"Vizuri. Mwambie asimpe mvivu."

Nilirudi peke yangu, Neema alibaki na marobota yake. Dar es Salaam afisa mmoja wa forodha akakitoa kile kipande, akakigeuzageuza.

"Bibi, hiki nini?"

"Tonge la ugali."

Akanitazama. Akakishika vizuri, na nikaona vidole vyake vinakikataa kimoja kimoja. "Mbona limekaa vibaya?"

"Kwa sababu si lako. Nipe."

Morogoro nilipofika nilitoa patasi za Kleopa. Nilichimba mwenyewe tundu na mfereji wa kuingilia chuma cha bastola, siku nne, nikipuliza vumbi na kupima, kupima na kupuliza. Nilikata washa mpya, nikailoweka mafuta. Siku ya tano ile Kicheki ilivaa mpini wake. Ilionekana kama mbuni aliyevaa kofia. Sikujali, maana mimi siitazami, naitumia.

Mkesha wa Krismasi mchana Gasto akaja na bwana wake kutoka Dar, mtu nadhifu, glavu nyeupe za pamba mfukoni. Wazee wenzangu wote walikuwepo nyuma ya shamba. Yule mzee wa kanisa pia, ambaye hakualikwa. Mwalimu akapanga makopo matano juu ya gogo na kupima hatua kumi.

La kwanza likaanguka. Watu wakaguna. La pili nilikosa, na nikajua kwa nini: macho ya watu yalinipanda, gumba likakumbuka uanafunzi wake, likaanza kubana kwa mtindo wa Kleopa. Nikaishusha. Nikavuta pumzi. La tatu likaanguka. La nne likayumba, likazunguka, likasimama palepale kama mlevi aliyekataa kwenda nyumbani.

"Halikuanguka," yule bwana akasema.

"Naliona," nikasema.

Limebaki moja. Gasto akawa anatazama viatu vyake, na nikaona kwamba hata yeye hajui anataka nini. Niliinua mkono, na badala ya kufikiria bastola nikafikiria mlenda. Mlenda unataka tonge lenye shimo refu, usipoharakisha unadondoka. Gumba likachimba, likalala. Nikafyatua.

Kopo liliruka nyuma ya gogo, na mzee wa kanisa alipiga kigelegele cha kiume ambacho bado anakikana.

Nimeulizwa nilichojifunza Uchina. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kusafiri siku nzima angani kwenda kuambiwa kitu ambacho kimekuwa kikilala kwenye sinia lake tangu utotoni. Na nilijifunza kutokuweka kitu cha hatari juu ya meza ya mtu mwingine. Na kutoacha ugali karibu na Mkenya.

Tulipokuwa tukinywa chai jikoni kwangu, yule bwana aliomba kuishika ile Kicheki. Akavaa glavu zake. Akajaribu hivi, akajaribu vile, akairudisha mezani.

"Hii sasa haishikiki," akasema kwa huzuni. "Mmeiharibia asili yake. Mpini wake wa zamani uko wapi? Huo peke yake ningeununua."

Nikamwonyesha kwa kidevu. Ulikuwa sakafuni, umeuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Kila alfajiri nausukuma kwa mguu ukae sawa, ninamwambia Kleopa amka, mzee, kazini.

"Huo siuzi," nikamwambia. "Upepo utanifungia mlango."

Gasto akachukua birika, akaniongezea chai.